Mama Amekuja London, Mtafutieni Benchi

Kila inapokaribia Juni, kliniki yangu hupata wageni wa aina moja. Ni baba au mama wa miaka sitini na kitu, ana presha au kisukari au vyote viwili, na mtoto wake aliyeko London amemtumia tiketi ya ndege. Anakuja kuchukua dawa za miezi miwili na barua ya daktari ya kuonyesha njiani. Nikishamaliza kuandika, hunipa simu yake nitazame ratiba. Mtoto ameipanga kwa upendo, hilo sina shaka nalo. Jumamosi ya kwanza ni Windsor asubuhi, Stonehenge mchana na Bath jioni. Jumamosi ya pili ni Oxford na Cambridge kwa siku moja. Ya tatu ni Brighton.

Hapo huweka kalamu chini. Maoni yangu kuhusu ratiba hizi ni makali kidogo, na leo nataka nikupe wewe msomaji, uwe ni mgonjwa unayesafiri au ni mtoto unayempokea mzazi. Safari ya siku moja nje ya London iwe ya mahali pamoja tu, na mwenye magoti mabovu kuliko wote ndiye aamue mwendo.

Jibu ninalopewa nalijua: "Daktari, tumetoka mbali, nauli ni ghali, lazima tuone vyote." Nalijua kwa sababu nilishalisema mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa London kwa mafunzo mafupi, na mama yangu akaja kumtembelea mdogo wangu anayeishi kule na mkewe na mtoto wao. Mimi ndiye niliyepanga Jumamosi yetu: Windsor hadi saa sita mchana, kisha treni kwenda Oxford, kula huko, na kurudi London usiku. Mama alikuwa anatumia glibenclamide, kidonge cha kisukari ambacho wengi wenu mnakijua. Alikimeza saa moja asubuhi kwa chai na kipande cha mkate, akatembea kwenye mawe na miteremko ya kasri la Windsor kuliko anavyotembea nyumbani kwa wiki nzima. Chakula cha mchana nilikisogeza mbele ili tuwahi treni.

Tukiwa tunabadilisha treni pale Slough, akaniuliza kwa nini tumekuja stesheni na harusi bado haijaisha. Hapakuwa na harusi yoyote. Uso umelowa jasho, mikono inatetemeka, anakasirika kila nikimgusa. Mimi, daktari, nilipoteza dakika nzima nikidhani ni uchovu. Kilichotuokoa ni juisi ya boksi ya mjukuu wake wa miaka mitatu, ambaye alilia sana kunyang'anywa. Baada ya robo saa mama alirudi kuwa mama. Oxford hatukufika.

Nieleze kilichotokea, maana si cha Uingereza peke yake, hutokea hata ukienda msibani mkoani. Vidonge vya kundi la glibenclamide, na sindano za insulini, hushusha sukari hata kama hujala. Misuli inayotembea nayo hula sukari. Weka pamoja kidonge, mwendo ambao mwili haujauzoea na chakula kilichochelewa, sukari itaanguka. Wazee huwa katika hatari zaidi, na dalili yao ya kwanza inaweza kuwa kuchanganyikiwa badala ya njaa. Ukiona hivyo na mtu bado anaweza kumeza, mpe nusu glasi ya soda ya kawaida (siyo ile isiyo na sukari) au juisi, au vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji. Subiri robo saa. Kama hajakaa sawa, rudia. Akishatulia apewe mkate au chapati, asiachwe na sukari peke yake. Kama amezimia usimpe kitu mdomoni, piga 999. Anayetumia metformin peke yake ni nadra kupata shida hii, lakini naye asikae na njaa. Na tafadhali, usiache kidonge ili uweze kutembea. Muulize daktari wako kabla ya kusafiri jinsi ya kukipanga.

Sasa turudi kwenye ratiba. Basi la Windsor, Stonehenge na Bath kwa siku moja lipo, na linajaza watu. Stonehenge iko kilomita 140 hivi kutoka London, Bath ni mbali zaidi. Maana yake mama atakaa kwenye kiti saa tano au zaidi, miguu ikivimba, ili apewe muda mfupi wa kupiga picha kila mahali. Huyu ni mtu ambaye pengine wiki iliyopita tu amekaa kwenye ndege usiku kucha. Damu kuganda kwenye mishipa ya mguu baada ya safari ndefu hakuishii uwanja wa ndege, kunaweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye nyama ya nyuma ya goti kushuka chini, au pumzi ikikata ghafla, hiyo ni dharura, msisubiri kumaliza matembezi.

Watu wa kule wana jambo moja zuri ambalo ninyi mnaopanga hamlitumii. Siku za kazi tiketi za treni hushuka bei baada ya msongamano wa asubuhi, kwa kawaida kuanzia kama saa tatu na nusu. Wenye haraka huona hiyo ni kero. Mimi naiona ni dawa. Mzee anayemeza kidonge cha presha kile cha kutoa maji atakimeza saa kumi na mbili na nusu, atakwenda choo cha nyumbani kwa raha zake mara tatu au nne, atakunywa uji, ndipo atoke. Wengi huacha kidonge hicho siku ya matembezi kwa aibu ya kutafuta choo, kisha jioni miguu imejaa na kifua kinabana. Kumbuka pia kwamba treni za chini ya ardhi hazina choo, na stesheni zake nyingi zina ngazi bila lifti. Ukiwa na mzee, au na mtoto kwenye kigari, angalieni kwanza stesheni zenye lifti. Kwenye treni za masafa, kampuni zote za reli hutoa msaada wa bure kwa asiyeweza ngazi, mradi uombe mapema. Kuomba siyo aibu.

Mahali pa kwenda? Hampton Court ni kama dakika 35 kwa treni kutoka Waterloo, stesheni iko ng'ambo tu ya daraja, na bustani zake ni tambarare. Kama ni Windsor, iko stesheni ya chini mtoni na iko ya juu inayotazamana na kasri. Ya juu hulazimu kubadilisha treni Slough, lakini inakuepusha na kilima, kwa hiyo mwenye magoti achague hiyo. Cambridge ni tambarare, ila stesheni iko mbali na katikati ya mji, pandeni basi. Brighton ni saa moja hivi, na kutoka stesheni hadi baharini ni mteremko mtupu. Raha kwenda, adhabu kurudi jioni, kwa hiyo wekeni hela ya basi au teksi. Na mjue ufukwe wenyewe ni kokoto, si mchanga. Nimeona mama wa Kitanga akiutazama kwa huruma.

Kwa wazazi wenye mtoto wa seli mundu, upepo wa bahari ile si wa kuchezea hata Julai. Baridi na upungufu wa maji mwilini ni vitu viwili vinavyoweza kuamsha maumivu. Avae tabaka zaidi ya moja, awe na nguo za kubadilisha, anywe maji mara kwa mara, na asiogelee baharini hata wenzake wakimcheka. Mwenye pumu inhela ikae mfukoni mwa mtu, isikae kwenye begi lililobaki kwenye gari.

Kitu kingine kinachowapotosha wageni wetu ni jua. Juni linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Mzee aliyezoea giza la saa moja anaona bado ni alasiri, hajisikii kula, hakumbuki dawa za usiku. Wekeni kengele kwenye simu. Desemba ni kinyume, giza linaingia kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo msiahidi mengi. Tofauti ya saa mbili au tatu na nyumbani haisumbui dawa ya mara moja kwa siku, mezeni kwa saa za huko.

Halafu bima ya safari. Matibabu yanayotolewa ndani ya chumba cha dharura kule hayalipiwi hata na mgeni, lakini akilazwa, bili inaanza, nayo ni kubwa.

Wiki mbili baada ya ile Jumamosi tulirudi Windsor, safari hii bila mpango wowote zaidi ya kukaa. Tulifika saa tano, tukashuka taratibu hadi mtoni, tukapata benchi. Mdogo wangu alikuwa amebeba chupa ya chai na chapati za maharage, na mjukuu akapewa boksi mbili za juisi, moja yake na moja ya bibi. Mama alitazama bata mzinga weupe wale wa mtoni, nikamwambia hao si bata mzinga, ni swani, akasema kwake ni bata. Tukakaa hapo saa mbili na zaidi. Ilikuwa kama saa ya pili hivi aliponiambia, bila mimi kuuliza, kwamba jicho lake la kulia lina ukungu tangu mwezi wa pili, na kwamba hakutaka kunisumbua kwa sababu nilikuwa na mitihani ya mafunzo.

Mwaka mzima nilikuwa nikimpigia simu kila Jumapili kumuuliza kuhusu sukari, naye akinijibu kwamba yuko salama. Tulipotua Dar es Salaam, Jumatatu yake nilimpeleka kwa daktari wa macho. Kisukari kilikuwa kimeanza kuharibu mishipa ya nyuma ya jicho, akaanza matibabu ya mionzi ya leza wiki hiyo hiyo. Bado anasoma gazeti hili, kwa miwani, na Oxford hajawahi kuiulizia.