Nani Ajuaye Kitabu cha Mtoto?

Wako watu wengi, na baadhi yao ni waalimu wenzangu, washikao neno hili, kwamba mtoto hawezi kujua kitabu kizuri ni kipi. Kuchagua, wasema, ni kazi ya mkubwa. Kazi ya mtoto ni kusoma alichopewa. Tena wakiwasikia watoto wakisifiana hadithi za safari na hatari, habari za visiwa na hazina, za maharamia wa baharini, za mtoto aliyepotea msituni akapata njia kwa akili yake mwenyewe, hukunja uso na kunena kwamba hayo ni mambo ya upuzi yapotezayo wakati wa masomo. Nataka kulipinga neno hili waziwazi, maana madhara yake si madogo. Kwa ajili yake watoto wengi hufundishwa kusoma, wala hawawi wasomaji.

Ndugu msomaji, zipime vema hali hizi mbili. Kujua kusoma ni kuzitambua herufi na kuziunganisha hata zikatoa neno. Kuwa msomaji ni kutafuta kitabu pasipo kutumwa. Hali ya kwanza huletwa kwa ubao na chaki. Ya pili haiji kwa amri. Kijana huweza kufaulu mtihani wake, akarudi kwao, asifungue kitabu tena. Ikipita miaka kumi, utamwona anachukua barua yake mwenyewe kwenda kusomewa na jirani, na hati ya kuuza shamba huitia kidole gumba kwa kumwamini aliyeiandika. Kijana huyo si mjinga. Alipewa la kwanza, la pili akanyimwa, na lile la kwanza likaota kutu kwa kukosa kazi.

Basi hilo la pili hutoka wapi? Aghalabu hutoka kwa mtoto mwenzake. Mwalimu akisema, “Kitabu hiki ni kizuri,” mtoto husikia kwamba kitaulizwa katika mtihani. Mzazi akisema hivyo hivyo, mtoto husikia kwamba kitamtia adabu. Lakini mwenzake akimwambia wakiwa njiani kwenda kuteka maji, “Ukifika pale mvulana alipojificha ndani ya pipa la matufaa akasikia shauri la wale waovu, hutakiweka chini,” basi jioni hiyo hiyo kitabu kinatafutwa. Mbona? Kwa sababu mwenzake hana faida ayipatayo kwa kusema hivyo ila furaha ya kupata mtu wa kuzungumza naye habari ile.

Tena ushauri wa mtoto una dhamana ambayo wetu hauna. Mkubwa akikisifu kitabu kichoshacho, nani atamwuliza? Mtoto akikisifu kitabu kibaya, kesho yake huchekwa, na siku nyingine akisema neno hawamsikilizi. Kwa hiyo hujifunza kupima maneno yake kabla ya kuyatoa. Huo ni mwanzo wa hukumu njema, nasi twawanyima watoto mazoezi yake, kisha twalalamika kwamba vijana hawajui kupambanua.

Wabishi watasema kwamba haya ni maneno matupu. Haya, tutazame mambo yaliyotukia.

Wazee wengi wanaijua hadithi ya Kisiwa chenye Hazina, iliyotiwa katika Kiswahili na Frederick Johnson, yule aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Mwenye kuitunga kwa Kiingereza ni Robert Louis Stevenson, naye aliianza mwaka 1881 huko Braemar, katika Uskoti. Mvua zilikuwa nyingi, na nyumbani palikuwa na mvulana wa miaka 13, Lloyd, mtoto wa mke wake, aliyekuwa katika likizo ya shule. Katika kuchora na kupaka rangi pamoja ikatokea ramani ya kisiwa, na katika ramani ikatoka hadithi. Alichoandika Stevenson kila siku alikisoma mbele ya jamaa. Huyo mvulana alikuwa mwamuzi wake, naye alikuwa na masharti, maana alitaka hadithi isiwe na wanawake. Hata mzee Thomas, baba yake Stevenson, mhandisi wa minara ya taa za baharini, alinaswa na hadithi ile akaandika orodha ya vitu vya kutiwa ndani ya sanduku la baharia mmoja. Hadithi ilianza kutolewa katika gazeti la vijana mwaka huo huo, ikawa kitabu mwaka 1883. Hivyo kitabu hiki kilipimwa na mtoto wino wake ungali mbichi. Je, kiliharibika?

Habari ya pili ni dhahiri zaidi. Katika mwaka 1936, huko London, mwenye kampuni ya kuchapisha vitabu, Stanley Unwin, aliletewa muswada wa hadithi ya safari iliyotungwa na J. R. R. Tolkien, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Oxford. Bwana huyu aliamini kwamba mwamuzi bora wa kitabu cha watoto ni mtoto. Akampa mwanawe Rayner, mwenye umri wa miaka 10, ausome na kutoa shauri kwa maandishi, na ujira wake ulikuwa shilingi moja. Mtoto akaandika karatasi fupi, akieleza kwa maneno yake kisa cha yule mtu mfupi, mpenda nyumba yake, aliyetolewa kwenda safari ya hatari hata kwa joka. Akashauri kwamba kikiwa na ramani hakihitaji picha, na kwamba kitawafaa watoto wa miaka 5 hata 9. Angalia jinsi alivyojiona mtu mzima, yeye mwenye miaka 10! Baba yake akamsikiliza. Kitabu hicho, The Hobbit, kikatoka Septemba 1937, na tangu hapo kimeuzwa kwa mamilioni katika lugha nyingi. Na mtoto yule hakuharibika kwa kuaminiwa: alikua akawa mchapishaji mashuhuri, na katika miaka ya 1950 yeye ndiye aliyeshikilia kwamba kitabu kikubwa kilichofuata cha mtungaji huyo huyo kichapishwe, ingawa alidhani kitaitia kampuni hasara ya pauni elfu.

Sasa nijibu hoja zao moja moja.

Husema kwanza kwamba hadithi hizi ni uongo, na mtoto asilishwe uongo. Je, bibi zetu waliotuhadithia habari za Sungura na Fisi jioni, walikuwa waongo? Uongo ni neno lisemwalo ili lisadikiwe; hadithi hutangulizwa na wito wake, na msikiaji huitikia akijua aingiako. Kitoto cha miaka minne chajua tofauti hiyo. Na katika hadithi za safari na hatari mna mafunzo ambayo hotuba ndefu haiyafikishi. Yule mvulana Jim wa Kisiwa chenye Hazina ampenda Silver, mpishi wa jahazi, mtu mchangamfu mwenye maneno matamu, kisha akiwa ndani ya pipa asikia kwa masikio yake kwamba mtu huyo ni msaliti na mwuaji. Mtoto aliyeshtuka pamoja naye hahitaji kuambiwa tena kwamba ulimi mtamu si ushahidi wa moyo mwema. Katika hadithi hizi mtoto hujikuta mbali na wakubwa, na hapana budi achague: akimbie au akae, aseme au anyamaze, atimize ahadi au aivunje. Mazoezi hayo ayapate wapi kwa salama kuliko katika kitabu?

La pili, husema kwamba watoto wakiachiwa watachagua takataka. Sikatai kwamba mkubwa ana kazi. Mchungaji huchagua malisho, huwaepusha mbuzi na majani ya sumu. Lakini hawatii nyasi midomoni. Kadhalika vitabu vya uchafu na ukatili vikae mbali, na hiyo ni juu yetu. Lakini ndani ya ua huo mtoto atembee mwenyewe. Tena tusidhani kwamba yeye haoni aibu iliyomo kitabuni. Hadithi nyingi za kale za Ulaya, kama Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyotungwa na Rider Haggard mwaka 1885, zaitazama Afrika kwa jicho la mwindaji mgeni. Mtoto wetu akisema, “Kisa ni kitamu, lakini watu wetu wamefanywa wapagazi na wajinga,” amenena neno lipasalo kuandikwa na kusomwa na wenzake, na la kuwafikia watungaji pia. Watungaji wetu wako: marehemu Edwin Semzaba ametuachia Marimba ya Majaliwa, safari ya mtoto katika nchi ya Tanzania yenyewe. Vitabu vya namna hiyo vitaongezeka wakati watoto watakaposikiwa wakiviulizia.

La tatu, husema kwamba vitabu ni ghali na fedha ni haba, kwa hiyo si wakati wa kufuata matakwa ya watoto. Hoja hii yawarudia wenyewe. Tajiri aweza kununua vitabu mia, na kama tisini havisomwi hapati hasara kubwa. Shule yenye fedha za vitabu kumi ndiyo hasa ipaswayo kujua ni kumi vipi. Fungua kabati la vitabu katika shule nyingi uone. Vitabu vilivyochaguliwa na wakubwa vimesimama safu, migongo yao ming’avu kama siku ya kuletwa. Katikati yao kimoja hakina jalada, kurasa zake zimeshonwa kwa uzi, pembe zimekunjamana kwa vidole. Hicho ndicho kilichopigiwa kura. Lakini mkaguzi akija, kabati husifiwa kwa usafi wake, na mtoto aliyekuwa na kitabu kile kilichochakaa huadhibiwa! Kwa desturi hii twamwadhibu mtoto kwa kusoma.

Nini basi kifanyike? Hapana gharama kubwa. Kila shule, na kila nyumba yenye vitabu, iweke daftari moja. Mtoto akimaliza kitabu aandike jina lake na la kitabu, aseme ni mtoto wa namna gani atakayekipenda, na kwa nini. Aruhusiwe kuandika pia, “Sikukimaliza,” na kutoa sababu, maana sifa zisizo na ruhusa ya lawama hazina thamani. Mwalimu asisahihishe kwa wino mwekundu wala asitoe alama; siku hiyo likiwa somo, watoto wataandika yale wanayodhani twapenda kuyasikia. Mara moja kwa juma, kwa nusu saa, wawili au watatu wasimame wawaambie wenzao walichosoma, na wenzao wawaulize. Na fedha zikipatikana, kabla kamati haijaandika orodha ya kununua, daftari lile lisomwe mezani kwanza. Wazazi nao nyumbani, badala ya kumwuliza mtoto kila mara, “Kitabu hiki kimekufunza nini?” wamwulize, “Utampa nani kitabu hiki baada yako?” Watashangaa kusikia majibu.

Wengine wataona haya kupokea shauri la mtoto. Lakini wazee walisema kwamba kuuliza si ujinga, wala hawakusema tuwaulize wenye mvi tu. Mambo ya shamba twamwuliza mkulima, na mambo ya bahari twamwuliza mvuvi. Mambo ya kitabu cha mtoto yuko ajuaye, naye anaketi mbele yetu kila siku akingoja kuulizwa.