Mali ya Wawili Waachanapo

Ndoa inapovunjika, jambo la kwanza kugombewa aghalabu ni nyumba. Mume husema kiwanja kimeandikwa jina lake, na mshahara ulionunua mabati ulikuwa wake. Mke hutoka na sanduku la nguo, na majirani humwambia amshukuru Mungu. Sisi twasema hiyo si haki, wala siyo sheria ya nchi yetu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, itumikayo Tanzania Bara, iliipa mahakama, katika kifungu cha 114, uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na mume na mke kwa juhudi zao wote wawili. Katika kugawa, mahakama hutazama mila ya jamii yao. Mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote. Na mahitaji ya watoto wadogo. Hata nyumba aliyoingia nayo mmoja wao huweza kuhesabiwa, ikiwa mwenziwe ameiendeleza kwa kiasi kikubwa.

Neno "kazi" ndilo lililozua ubishi. Baadhi ya majaji walishikilia kwamba kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke tu, wala hakuna mali inayotokana nao. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliukata ubishi huo: kazi za nyumbani ni mchango. Mfanyakazi hahitaji wakili wa kumfafanulia hayo. Aendaye kiwandani alfajiri, ameshiba chakula alichopikiwa, amevaa nguo alizofuliwa, na watoto amewaacha mikononi mwa mwingine, mshahara wake umechumwa na mikono minne.

Hata hivyo, yatupasa kuisoma hukumu ile mpaka mwisho. Mama aliyeleta shauri alishinda hoja, lakini hakupata fungu zaidi, kwa kuwa mahakama iliona amekwisha kupewa na mumewe fedha za kuanzisha biashara ya familia, akazitapanya. Hapa pana fundisho kwa wote. Sheria haisemi kila kitu kikatwe nusu kwa nusu. Husema kila mmoja apate kwa kadiri ya mchango wake, na mchango huthibitishwa kwa ushahidi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali iliyoandikwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vingine. Iliyoandikwa majina ya wawili huchukuliwa kuwa yao kwa mafungu sawa. Basi mume na mke waandike majina yote mawili tangu siku ya kununua kiwanja. Stakabadhi za saruji, hati za mkopo na daftari la upatu zitunzwe. Tena ieleweke kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani pasipo ridhaa ya mwenzi. Anayeiuza kwa siri kabla ya shauri hamkomoi mkewe tu. Anawaondolea watoto wake paa.

Wako wasemao kwamba haki hii itawafanya wanawake waolewe kwa tamaa ya mali. La hasha. Kwanza, haki ni ya wote wawili: mume aliyejenga katika kiwanja cha mkewe hulindwa na sheria hiyo hiyo. Pili, mtu hadai ila alichokitolea jasho.

Kwa kawaida shauri la talaka huanzia katika baraza la usuluhishi la ndoa. Wajumbe wa mabaraza hayo, na viongozi wa matawi yetu, wasimwambie mwanamke avumilie tu au aondoke mikono mitupu. Wamweleze haki yake na mahali pa kuidai. Tunaohubiri kwamba kazi ndiyo chanzo cha mali hatuwezi kuikana kazi ile ifanywayo ndani ya nyumba zetu wenyewe.