Baada ya Kisu, Mguu Usikae

Watu wawili humpotosha mgonjwa aliyepasuliwa ili apungue unene: yule amwambiaye alale siku arubaini, na yule amhimizaye akimbie mara moja.

Katika upasuaji huo sehemu kubwa ya mfuko wa chakula huweza kuondolewa. Mwenye kulala tu hujitia katika hatari ya damu kuganda miguuni, na bonge hilo likifika mapafuni huweza kuua. Tena mwili unaopungua upesi haupotezi mafuta peke yake, bali hupoteza na misuli. Asiyeitumia huipoteza zaidi.

Haraka nayo ina balaa. Kwa muda wa wiki sita hivi jeraha la ndani halijawa imara, na kuinua mizigo huweza kuleta ngiri. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20: asiipandishe katika ngazi za nyumba za Mji Mkongwe.

Kwa maoni yangu, kiwanja chake cha kwanza ni kichochoro. Atembee dakika 10 alasiri, jua likipoa, akinywa maji kwa mafunda madogo madogo. Wiki ifuatayo afike Forodhani. Daktari akimruhusu, ndipo aanze mazoezi ya nguvu.

Mgonjwa wa Unguja aliyefuata matibabu hayo bara au ng'ambo hurudi nyumbani akiwa mbali na daktari aliyempasua. Kwa hiyo yafaa kila hospitali impe, pamoja na dawa zake, ratiba ya kutembea iliyoandikwa kwa Kiswahili.