Kabla ya Kuulizia Mtoto, Pimeni Sukari

Mwanamke akitoka chumba cha ultrasaundi na karatasi inayosema ovari zake zina vivimbe vingi, nyumbani anakutana na swali moja: atazaa kweli? Kama ameolewa, mama mkwe atalirudia kila mwezi unapokatika. Kama bado, ataambiwa avute subira, akishaolewa na kupata mtoto mambo yatakaa sawa. Shangazi atasema ni chango la uzazi na kumchemshia mizizi. Sukari na presha yake haviulizwi na mtu, na mara nyingi hata aliyemwandikia karatasi ile hakuviuliza.

Hali hiyo, inayojulikana hospitalini na mitandaoni kwa herufi PCOS, si ya wachache. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa inawapata wanawake 8 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajijui. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka hospitali ya rufaa nchini Tanzania, karibu theluthi moja ya wanawake waliofika kutibiwa ugumba walikutwa na ovari za namna hiyo. Lakini hao ni wale tu waliofika kwa sababu ya kukosa mtoto. Msichana asiyetafuta mtoto hana kliniki inayomngoja.

Tiba yenyewe ilianza kwa kuitazama ovari peke yake. Mwaka 1935, madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake saba waliokuwa na ovari zilizotanuka na matatizo ya hedhi. Waliwapasua na kukata kipande cha kila ovari. Hedhi zilirudi, na wawili wakashika mimba. Ikapita miaka 45 kabla watafiti wa Memphis, nao wa Marekani, hawajaonyesha mwaka 1980 kuwa wanawake wenye hali hii wana insulini iliyozidi katika damu.

Kwa wengi wao, mzizi wa tatizo uko hapo. Insulini hutoka kwenye kongosho na kazi yake ni kuiingiza sukari ndani ya seli. Seli zikiwa sugu, kongosho hulazimika kuimwaga kwa wingi. Insulini hiyo ya ziada huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi, na papo hapo hulifanya ini lipunguze protini inayozishika homoni hizo kwenye damu. Matokeo yake ni ndevu kidevuni, chunusi zisizokoma, nywele kupungua utosini, na hedhi inayokuja inapotaka. Vile vinavyoitwa vivimbe ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama, vingi vikiwa na milimita 2 hadi 9, kama abiria waliojazana stendi wakingoja basi lisiloondoka. Havihitaji kukatwa, wala hakuna dawa ya kusafisha kizazi itakayovitoa.

Alama moja huonekana bila mashine yoyote. Ngozi ya shingoni na kwapani huwa nyeusi na nene, na mama humsugua binti yake kwa dodoki na sabuni akidhani ni uchafu. Weusi huo ni dalili ya insulini kuzidi. Angeelezwa hivyo mapema, dodoki lingewekwa chini na binti angepelekwa kupima.

Utambuzi nao una utaratibu wake. Vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam mwaka 2003 vinataka mambo mawili kati ya matatu: mayai kutopevuka kwa mpangilio, homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi, baada ya magonjwa mengine yanayofanana, kama ya tezi ya shingo, kuondolewa kwenye hesabu. Kwa hiyo karatasi ya ultrasaundi peke yake haitoshi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unakwenda mbali zaidi: kwa msichana aliye katika umri wa balehe, ultrasaundi isitumike kabisa kumtambua, kwa sababu ovari za umri huo huwa na vifuko vingi hata akiwa mzima. Wasichana wangapi wamekwisha kutishwa na picha ya mwili wao wa kawaida?

Matibabu yapo, na mengi si ya gharama kubwa. Mwenye uzito uliozidi akipunguza asilimia 5 tu, yaani kilo 4 kwa mwenye kilo 80, hedhi inaweza kuanza kujipanga. Mwongozo huohuo haukuona mlo mmoja unaoishinda mingine yote. Dona, maharage, mchicha, dagaa na sahani ya wali iliyopunguzwa vinatosha kuanzia, soda ikiachwa na mwendo wa miguu ukiongezwa. Wembamba nao hupata PCOS, hivyo kumwambia kila mmoja apungue ni uvivu wa kupima. Metformini, dawa ileile ya kisukari, husaidia upande wa insulini. Vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo wazazi wengi huogopa kusikia binti yao amepewa, hupanga hedhi na kulinda ukuta wa mji wa mimba, ambao ukijengeka kwa miezi mingi bila kutoka huongeza hatari ya saratani.

Na anayetaka mtoto hana sababu ya kukata tamaa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, wanawake 750 waligawanywa kati ya dawa mbili za kupevusha mayai. Waliopewa letrozoli walijifungua mtoto hai kwa asilimia 27.5, na waliopewa klomifeni kwa asilimia 19.1. Sharti ni mume naye apimwe, jambo ambalo kwa familia nyingi ni gumu kuliko kumeza dawa.

Hata hivyo, mimba ikishika faili hufungwa, na hilo ndilo kosa kubwa. Mama huyo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kisukari cha mimba, kisha kisukari cha maisha, pamoja na presha na sonona. Miaka kumi baadaye atarudi kliniki ya kisukari kama mgeni, ilhali mwili wake ulitoa taarifa tangu akiwa sekondari.

Watakaosema vituo vya afya vimezidiwa wana hoja, lakini vifaa vinavyohitajika tayari vimo humo: mizani, mashine ya presha na kipimo cha sukari. Kila mwanamke anayekosa hedhi miezi mitatu bila mimba apimwe kwa vifaa hivyo kabla ya kutumwa ultrasaundi. Akithibitika kuwa na PCOS, sukari ipimwe vizuri, ikiwezekana kwa kunywa glukosi gramu 75 na kuangaliwa tena baada ya saa mbili, kisha irudiwe kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Aulizwe pia usingizi na moyo wake ukoje. Na kwa kuwa hali hii hutembea katika koo, mhudumu aulizie dada zake na mabinti zake nao kabla hajamruhusu kuondoka.