Kabla ya hati, wasikilize wapangaji

Na Zuhura Kihanga

Wanaoniandikia ni watu wa aina mbili. Wapo wastaafu ambao kiinua mgongo chao kimeingia benki, kila mtu kwenye ukoo anajua, na dalali naye anajua. Wapo na ndugu zetu walioko Muscat, London au Minnesota, wanaotaka kuwa na kitu nyumbani kitakachowalisha uzeeni. Swali lao ni moja: nimepata jengo la fremu, Kariakoo au Sinza au Mbagala, hati ipo, ninunue?

Nami huwauliza: waliopanga humo ni kina nani, wanalipa kiasi gani, na wamelipa mpaka lini? Wengi hawajui. Hati wameiona, wameipiga picha, wameshamtumia na wakili. Wapangaji hawajaongea nao hata mmoja.

Hapo ndipo fedha za watu zinapopotelea, na nitalisema bila kuzunguka. Nyumba ya kuishi unaweza kuinunua kwa sababu umeipenda. Jengo la biashara hununuliwa kwa sababu ya kodi ya pango tu. Kinachouzwa hasa ni wale watu waliomo ndani na mikataba yao. Hati itakwambia anayekuuzia ana haki ya kuuza, lakini haikwambii kama utakula.

Tuanze na desturi yetu ya kulipa kodi kabla. Dar es Salaam fremu hulipiwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na penye biashara iliyochangamka mpangaji hutoa na kilemba juu yake. Sasa mwenye jengo anayejua atauza Desemba hana sababu ya kungoja. Oktoba anawapigia wapangaji simu, anawapa punguzo kidogo, anakusanya ya mwaka mzima, wengine hata ya miaka miwili. Wewe unasaini, unakabidhiwa funguo za mlango mkubwa, mwisho wa mwezi unapita kukusanya. Kila mpangaji anakutolea risiti. Hawajakukosea kitu. Mpangaji mwenye mkataba halali haondoki kwa sababu jengo limeuzwa, na kodi aliyokwisha kuilipa kwa mwenye jengo wa zamani huwezi kumdai mara ya pili.

Halafu kuna fremu za kupangishana. Kwenye karatasi mwenye jengo ana mpangaji mmoja anayelipa laki tano. Ukiingia ndani unakuta mbao zimegawa chumba mara tatu: mmoja anauza nguo za watoto, mwingine vifuniko vya simu, na mlangoni kabisa kuna kimeza cha wakala wa miamala. Wote watatu wanamlipa yule mmoja, na kwa jumla wanampa mara mbili au tatu ya anachokipeleka kwa mwenye jengo. Muuzaji mjanja atakuonesha kile wanacholipa hawa wadogo na kukwambia ndiyo kodi ya jengo lake. Siyo yake, na haitakuwa yako mpaka mkataba wa yule mkubwa uishe.

Kwa hiyo nenda mwenyewe, bila dalali, siku ya Jumamosi saa sita mchana. Nunua kitu. Uliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, choo kinatumiwa na watu wangapi, na nani hulinda usiku. Zitazame fremu zilizofungwa: kufuli yenye vumbi na geti lililoota kutu chini havijafunguliwa jana. Ziangalie mita za LUKU. Jengo lenye mita moja kwa fremu nne lina ugomvi wa kila wiki, mwenye friji akibishana na mwenye taa mbili, na ugomvi huo unaununua pamoja na kuta.

Kisha omba karatasi ambazo muuzaji hawezi kuziandika usiku wa kuamkia leo. Mpangaji ambaye ni kampuni anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango anayolipa na kuiwasilisha TRA, na makato hayo yana stakabadhi. Omba za miaka mitatu. Muuzaji akidai anaingiza milioni saba kwa mwezi huku aliyokuwa akitangaza TRA ni milioni mbili, basi ama anakudanganya wewe au alikuwa akiidanganya Serikali. Kwangu mimi yote mawili yanatosha kumwacha na jengo lake.

Tupige hesabu ya mfano. Jengo lina fremu 12, kila moja laki sita kwa mwezi. Muuzaji atakwambia ni milioni 86.4 kwa mwaka, bei ni milioni 900, kwa hiyo fedha yako inarudi kwa asilimia 9.6. Toa fremu mbili zinazokaa tupu, inabaki milioni 72. Toa mlinzi, maji, taa za korido, kuzibua vyoo, rangi, kodi ya jengo, pango la ardhi na paa linalovuja kila masika, tuseme milioni moja kwa mwezi. Imebaki milioni 60, ambayo ni asilimia 6.7, na kodi ya mapato hujaigusa. Hati fungani za Serikali za muda mrefu zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa miaka ya karibuni, na hazina choo cha kuzibua. Mikopo ya benki nayo imekuwa ikitozwa riba ya karibu asilimia 15. Anayekopa kwa 15 ili apate 6.7 anajichimbia shimo, hata kama jengo liko mtaa wa Kongo.

Najua jibu la wengi: ardhi inapanda thamani. Mara nyingi ni kweli. Lakini basi mtu akiri kwamba ananunua kiwanja, akilipie bei ya kiwanja, na asitegemee kimsomeshee watoto kwa sasa.

Mpangaji aliyeko leo naye anaweza asiwepo kesho kwa sababu zisizohusu tabia yake. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma baada ya tangazo la mwaka 2016, wenye majengo ya ofisi katikati ya Dar waliona sakafu nzima zikibaki tupu. Machi 2025 zilitoka kanuni zinazokataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini, kwa hiyo anayekuuzia jengo la Masaki kwa hesabu ya dola kwa mita ya mraba anatumia hesabu iliyopitwa na wakati. Julai mwaka huohuo ilitoka amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, rejareja na ufundi wa simu zikiwamo. Wapo wenye majengo Kariakoo waliokuwa wakijivunia wapangaji wa kigeni kwa sababu walilipa vizuri na mapema. Ukipewa jengo la namna hiyo, uliza leseni za biashara ni za nani, na kama jina la kwenye leseni ndilo la mtu anayekaa dukani.

Sasa mwili wa jengo. Hapa naomba tusifanye haraka, kwa sababu watu wamekufa.

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo asubuhi, likiwa na watu ndani wakifanya biashara. Waliopoteza maisha hawakupungua 29. Waliokuwapo walieleza kwamba kazi ya kupanua sehemu ya chini ilikuwa ikiendelea huku maduka yakiwa wazi. Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua zaidi ya watu 30. Baada ya ajali ya Kariakoo iliundwa tume ya kukagua majengo ya eneo hilo, na tangu hapo mtu anayenunua ghorofa bila mhandisi hana cha kujitetea nacho.

Tafuta mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, umlipe wewe, asiwe wa kuletwa na muuzaji. Mpe kibali cha ujenzi na michoro yake. Kwanza ahesabu sakafu. Kibali cha ghorofa nne kwenye jengo la ghorofa sita kina maana kwamba msingi ulikokotolewa kubeba nne. Kisha ashuke chini kabisa, kwa kuwa tamaa ya Kariakoo siku hizi inaelekea chini: kila futi ya stoo ina bei, na wapo waliochimba pembeni ya nguzo kuongeza chumba. Aangalie nguzo zilizotobolewa kupitisha mabomba, kuta za matofali zilizoondolewa ili fremu mbili ziwe moja, na matangi ya maji yaliyorundikwa juu ya paa ambalo halikuandaliwa kuyabeba. Nyufa zilizopakwa rangi mpya aziulizie kwa jina. Ripoti yake ikisema hapana, usitafute mhandisi wa pili atakayesema ndiyo. Watakaokuwa chini ya hiyo zege ni wapangaji wako na wateja wao, na ukishanunua, dhamana yao ni yako.

Moto nao usisahaulike. Soko kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Omba cheti cha Zimamoto, kisha tembea kwenye ngazi za dharura uone kama zimegeuzwa stoo ya mabelo ya mitumba.

Hati yenyewe nitaipitia upesi, maana huku mawakili wanajua kazi yao. Upekuzi kwa Msajili wa Hati ufanywe na wakili wako, na urudiwe siku mbili kabla ya kulipa, kwa sababu rehani au zuio linaweza kuandikwa katikati. Soma matumizi yaliyoandikwa: viwanja vingi vya Sinza na Tabata vilitolewa kwa makazi, na fremu zilizopangwa barabarani hazibadilishi hilo bila kibali cha mipango miji. Angalia miaka iliyobaki. Hati ya miaka 33 iliyobakiza minne si sawa na ya 99. Mke au mume wa muuzaji asaini ridhaa mbele ya wakili.

Kariakoo ongeza mambo mawili. La kwanza ni mirathi. Ghorofa nyingi zimesimama pale palipokuwa na nyumba ya Kiswahili ya babu, yenye warithi wa matumbo matatu. Msimamizi wa mirathi aoneshe barua za usimamizi kutoka mahakamani, na warithi wote wajulikane, pamoja na yule aliyeko Mtwara ambaye kila mtu anasema hana neno. La pili ni ubia. Familia ilitoa kiwanja, mfanyabiashara akajenga, wakagawana sakafu. Anapokuuzia "sakafu yake ya pili", uliza kama kuna hati ya sehemu ya jengo chini ya sheria ya mwaka 2008. Kama hakuna, anachokuuzia ni ahadi ya watu wawili ambao huenda wameshagombana.

Pembezoni mwa barabara kuu, pima. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na waliovunjiwa Kimara hadi Kiluvya mwaka 2017 wanakumbuka kwamba Barabara ya Morogoro pale ilikuwa na hifadhi pana kuliko hiyo. X nyekundu ukutani humaanisha utavunjiwa bila fidia. Ya kijani humaanisha fidia ipo, na utaingoja. Rangi mpya ukutani inaweza kuzificha zote mbili, kwa hiyo ulizia TANROADS kwa barua.

Mwisho ni malipo. Muuzaji mkazi wa Tanzania hulipa asilimia 10 ya faida aliyopata, wewe unalipa ushuru wa stempu, na wapo watakaokuomba mkataba uandikwe nusu ya bei ili wote mpumue. Kataa. Siku utakapouza wewe, bei uliyonunulia itakuwa ile nusu iliyoandikwa, na faida yote iliyozidi itatozwa kodi kwa jina lako. Fedha ziwekwe kwenye akaunti ya wakili mliyemkubali wote, zitoke hati ikishabadilishwa jina. Kwenye mkataba wa mauziano kuwe na jedwali la wapangaji wote, lililosainiwa na kila mmoja wao, likionesha anacholipa, amana yake na amelipia mpaka tarehe gani. Kila shilingi ya kodi iliyokwisha kupokelewa kwa miezi itakayokuwa yako ikatwe kwenye bei siku hiyohiyo ya kusaini.