Daftari la Wiki: Bia ya Wavunaji

Miongoni mwa mizigo aliyokuja nayo wiki hii mpwa wangu, ambaye riziki yake imempeleka Brussels, zilikuwamo chupa kadhaa za bia iitwayo saison, zenye vizibo vya gome la mti vilivyofungwa waya shingoni, kutoka kiwanda kidogo kilichofunguliwa majuzi tu ndani ya ghala kuukuu la shamba moja katika jimbo la Hainaut, upande wa Ubelgiji wenye kusema Kifaransa. Msomaji wangu wa pwani, ambaye dini yake imemwepusha na kileo, ataniwia radhi; nami namwomba asiondoke bado, maana habari ya kinywaji hiki, kwa kadiri nilivyoidadisi, ni habari ya mkulima, nafaka yake, jua lake na serikali yake, na mambo hayo manne hayamwachi mtu, awe mlevi au mcha Mungu.

Tuliionja barazani jua lilipopungua. Rangi yake ni ya dhahabu iliyofifia, yenye ukungu ndani kwa kuwa hamira haikuchujwa. Povu lake ni jeupe, zito, lisilo na haraka ya kuondoka. Na harufu yake ina pilipili manga na ganda la chungwa, ijapokuwa mpwa aliapa kwamba hapakutiwa pilipili wala chungwa, na kwamba manukato yote hayo ni kazi ya hamira peke yake. Utamu wa kimea hupita upesi ulimini, ukaja uchachu kidogo, kisha ukavu unaomfanya mtu atake funda la pili kabla hajalihukumu la kwanza. Hiyo niliipenda. Nyingine, iliyotiwa giligilani na maganda ya ndimu, haikunipendeza hata kidogo, kwani mpishi aliyejaliwa hamira inayonukia viungo, naye akazidi kutia viungo, ni sawa na bibi harusi ajipakaye udi, asumini na marashi kwa pamoja hata wageni wakasogeza viti.

Mzee jirani yangu, ambaye hushuku kila kitu kilichotoka ng'ambo, alinusa, akaonja, akanyamaza kitambo, halafu akauliza, "Mwanangu, na hao nao wana miatine?" Swali hilo nimelibeba wiki nzima.

* * *

Asili ya saison ni hii. Katika mashamba ya Hainaut, kabla hazijaja mashine za barafu, bia iliyopikwa wakati wa joto iliharibika. Kwa hiyo mwenye shamba aliipika katika miezi ya baridi, takriban Desemba hadi Machi, mikono ya watu ilipokuwa haina kazi kondeni, akaiweka mapipani hadi kiangazi, ndipo akawanywesha vibarua wa msimu waliokuja kumvunia. Hakufuata kanuni ya kitabuni. Alitia shayiri, na pamoja nayo ngano, oti au spelti, ambayo ni aina ya ngano ya kale, kadiri ghala lilivyomruhusu mwaka ule, na kwa sababu hiyo hapakuwa na mashamba mawili yenye ladha moja. Bia ile ya wavunaji ilikuwa nyepesi kuliko hizi za leo, ambazo aghalabu zina kileo cha asilimia 5 hadi 7.

Nyumba mashuhuri kuliko zote kwa bia hii ni ya Dupont, katika kijiji cha Tourpes, ambako shamba limepika tangu 1844. Mwaka 1920 Alfred Dupont alilinunua kwa kusudi la kumzuia mwanawe Louis, aliyekuwa ameazimia kuhamia Kanada akawe mkulima. Na mzee huyo, aliyemfunga mwanawe kwa pipa la bia badala ya kumfunga kwa laana, ndiye sababu ya ulimwengu kuijua saison hivi leo. Hata hivyo mtindo huu ulikaribia kufa kwao wenyewe, hadi wanunuzi wa Marekani walipoanza kuuulizia katika miaka ya 1980. Sasa umeheshimika: mwaka 2016 shirika la UNESCO liliuandika utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya turathi za wanadamu zisizoshikika kwa mkono.

Jambo lililonishughulisha mimi, mtu wa Ikutha, huku Kitui Kusini, ni joto. Bia ya lager tuliyoizoea madukani hutaka ichachuke katika ubaridi wa nyuzi 10 hivi, kisha ilazwe majuma kadhaa katika ubaridi uliozidi huo, na mambo hayo yanataka mitambo, umeme usiokatika na mtaji mkubwa. Ilhali hamira ya saison hustahimili nyuzi 30 na kupita, na tena hapo ndipo inapofanya kazi yake vyema. Nyuzi 30 ndizo tulizo nazo Ikutha bila ya kumlipa mtu.

* * *

Nalirejea swali la mzee. Miatine ni yale matunda marefu ya mti ambao Waswahili huuita mwegea, ambayo sisi hatuyali, kwani hayaliki, ila huyakausha, tukayachemsha, tukayatoa mbegu, kisha nyuzi zake zikatiwa katika kibuyu chenye asali na maji, au maji ya miwa, kikawekwa karibu na moto kipate joto. Pombe itokayo humo ndiyo kaluvu. Zile nyuzi hazitupwi. Huanikwa juani na kutumiwa tena na tena, kwa sababu ndani yake mmelala viumbe wadogo wasioonekana kwa jicho, ambao ndio wachachuaji. Mama aliyekuwa na miatine mizuri aliitunza kama mali, na jirani alikuja kuiazima kwa adabu. Mpishi wa Hainaut naye huchota hamira ya pipa la leo akaitia katika la kesho, akaikirimu, akaogopa isije ikaingiwa na uchafu. Kwa hiyo nilimjibu mzee kwamba ndiyo, wanayo, ila yao haina nyuzi. Aliridhika.

Sitaki nionekane ninaipamba kaluvu kupita ilivyo. Hainywewi baada ya siku chache, kwani hugeuka siki. Ikipikwa na mtu mzembe huumiza tumbo. Na wazee wetu wenyewe waliifunga kwa mipaka mikali, wakaiita kinywaji cha watu wazima, chenye mahali pake katika posa, katika mabaraza ya kusuluhisha magomvi na katika tambiko, kijana asiisogelee pasipo ruhusa. Mipaka hiyo imevunjika siku hizi, wala haikuvunjwa na kaluvu.

* * *

Kitu cha pembeni. Wamisionari wa kwanza kuja kukaa hapa Ikutha, katika miaka ya mwanzo ya 1890, walikuwa Walutheri wa Kijerumani waliotumwa na chama kilichoanzishwa 1886 katika mji wa Hersbruck, Bavaria, ambacho 1893 kiliungana na misheni ya Leipzig. Basi muulize mpishi yeyote wa bia duniani habari za Hersbruck, hatakutajia injili. Atakutajia hopsi, lile ua chungu litiwalo katika bia, kwa kuwa mji huo umeipa jina aina mojawapo iliyo maarufu. Watu hao walitoka katikati ya mashamba ya hopsi wakaja kwetu, penye mizinga ya nyuki juu ya mibuyu.

* * *

Ndovu wa Tsavo wamesumbua tena mashamba ya upande wa kusini. Jamaa mmoja sokoni alisema kwa uchungu kwamba mnyama huyu amechorwa kwenye chupa ya bia na kuheshimiwa, hali yeye ameliwa mahindi. Ni kweli kwamba kampuni iliyoanza Nairobi mwaka 1922 ilimpoteza mwasisi wake mmoja, George Hurst, aliyeuawa na ndovu 1923, na bia yake ikaitwa Tusker.

* * *

Mtama mweupe uitwao Gadam umesimama vizuri msimu huu. Ni mfupi, hukomaa kwa takriban miezi mitatu, na wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Katumani waliusambaza Ukambani kwa kuwa unavumilia uhaba wa mvua. Kasoro yake ni kwamba punje zake hazina ule ukakasi wa mtama mwekundu, na kwa hiyo ndege waitwao kwelea huzipenda kuliko tunavyozipenda sisi, na watoto hushinda kondeni na makombeo. Mnunuzi wake mkubwa ni kampuni hiyohiyo ya Tusker, ambayo 2004 ilitoa bia ya kegi ya Senator, nayo serikali ikaisamehe kodi ili maskini apate kinywaji salama cha bei nafuu. Mpango ulikuwa mwema, na mkulima wa hapa akaonja fedha. Lakini Oktoba 2013 nusu ya msamaha ule iliondolewa, bei ikapanda, wanywaji wakakimbia, na mkulima aliyekuwa amelima kwa ahadi akabaki na magunia yake. Msamaha uliporejeshwa kwa sehemu kubwa 2015, wengi walikuwa wamekwisha kugeukia ndengu. Baadaye kiwanda kikubwa cha kegi kikafunguliwa Kisumu, na huko mtama wa Nyanza uko mlangoni ilhali wetu una safari ya kwenda.

Nautazama mzunguko huu kwa mshangao. Mtama unatoka Ikutha kwa lori, unapita barabara ya lami ya Kibwezi, unageuzwa bia mbali nasi, kisha unarejea kwa barabara ileile ndani ya pipa la chuma, ukauzwa kwa yule yule aliyeulima, na faida yote imeshuka njiani.

* * *

Watu watasema, na wana haki kusema, kwamba pombe ya vijijini imetuulia watu. Mwezi Mei 2014 zaidi ya watu 60 walikufa katika kaunti kadhaa, Kitui na Makueni zikiwamo. Waliouawa siku zile waliuawa na methanoli, sumu ya viwandani iliyochanganywa na wafanyabiashara wasio na haya. Haikutoka katika kibuyu cha asali wala chungu cha mtama. Maadamu msako ukitangazwa, askari humwaga vyote kwa pamoja, sumu ya tajiri na kaluvu ya mjane, ule msako haulindi uhai, unalinda uvivu wa kutofautisha.

Sheria yenyewe haituzuii sana. Ile ya vileo ya 2010 ilifuta marufuku ya 1980 juu ya chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, na kuweka njia ya leseni. Na Katiba ya mwaka huohuo, katika Jedwali lake la Nne, imezikabidhi kaunti utoaji wa leseni za vileo, ikiuandika wajibu huo katika orodha moja na maktaba na majumba ya makumbusho, chini ya shughuli za utamaduni. Waliotunga waliona kitu ambacho watekelezaji hawajakiona.

Nawaomba basi waheshimiwa wa Bunge la Kaunti ya Kitui watunge daraja ya leseni kwa ajili ya mpishi wa shambani: ada anayoiweza mkulima wa ndengu na mtama, kipimo cha juu cha lita, kileo chepesi, afisa wa afya ajaye kupima bila ya kuomba chochote, na adhabu kali isiyo na huruma kwa atakayetia kemikali. Mtama upo, asali ipo, joto lipo, na wazee wenye miatine bado wapo ingawa wanapungua kila mwaka. Muswada ukiletwa mwaka huu, msomaji, mwandikie mwakilishi wa wadi yako umwambie aupigie kura ya ndiyo.