Kutofikia, kutotimiza, kutokidhi: kitenzi kimoja cha Kiingereza na hukumu zake tatu

Katika habari za Kiingereza kuhusu fedha za mabadiliko ya tabianchi, kitenzi "fall short" hakikosekani. Picha yake ni ya kitu kilichorushwa kikaanguka kabla ya kufika kwenye shabaha. Anayejifunza Kiingereza mara nyingi hukariri maana moja tu, yaani kupungua, na maana hiyo humponza afikapo kwenye tafsiri.

Mwaka 2009, jijini Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kwamba ifikapo mwaka 2020 zingekuwa zinakusanya dola za Marekani bilioni 100 kila mwaka kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Kwa hesabu za OECD, mwaka 2020 zilipatikana bilioni 83.3, lengo lilivukwa mwaka 2022, zilipopatikana bilioni 115.9. Kuandika kwamba mwaka 2020 fedha hizo "zilipungua" ni kumpotosha msomaji, kwa kuwa zilizidi za mwaka uliotangulia. Kuandika kwamba nchi tajiri "zilipungukiwa" ni kosa kubwa zaidi, maana kauli hiyo humgeuza mtoa ahadi kuwa mhitaji. Usahihi ni kusema kwamba kiasi "hakikufikia" lengo, au kwamba nchi zilizoahidi "hazikutimiza" ahadi kwa wakati. Sentensi ya kwanza hupima. Ya pili humtaja mwenye dhamana.

Novemba 2024, mkutano wa Baku uliweka lengo jipya la dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Nchi zinazoendelea, zilizokuwa zikidai trilioni 1.3, zilinung'unika, na Kiingereza kikatumia kitenzi kilekile. Hapa "haikutimizwa" haifai, kwani muda wa ahadi haujawadia. Kinacholalamikiwa ni udogo wa ahadi yenyewe, na Kiswahili kina neno lake: ahadi hiyo "haikidhi" mahitaji.

Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Ahadi isiyokidhi hujibiwa kwa kudai nyongeza. Ahadi isiyotimizwa hujibiwa kwa kudai deni. Habari inayoyachanganya mambo hayo mawili humwacha msomaji akijua kwamba kuna lawama, asijue anayelaumiwa ni nani wala anachodaiwa ni nini.